Kukodi GPU kwa mnada nikiwa Tanga: uzoefu wangu na Akash

Nimeitumia Akash, soko la mtandaoni la kukodi kompyuta zenye GPU (kadi zinazofanya hesabu nyingi kwa pamoja), kwa kazi ya kweli, na naona watu wa huku kwetu wanaoshughulika na sauti, picha au lugha wanastahili kuijua, pamoja na mipaka yake.

Tuna ofisi ndogo Ngamiani, na tumekuwa tukiwarekodi wavuvi wazee wa Kigombe, Mwambani na Tongoni wakieleza bahari ya zamani. Kunukuu mazungumzo yale kwa mkono ni kazi ya kukesha. Tukageukia Whisper, modeli ya akili mnemba inayogeuza sauti kuwa maandishi, iliyotolewa na OpenAI mwaka 2022, ambayo mtu yeyote anaweza kuipakua bure na kuiendesha mwenyewe. Kiswahili inakijua kiasi, ila ile kubwa, yenye vigezo bilioni 1.55, inataka takriban GB 10 za kumbukumbu ya GPU. Kompyuta zetu za mezani hazifiki huko. Kampuni moja ya nje tuliyoijaribu kwanza ilitaka kadi ya benki, halafu ikataka tuombe kibali cha kutumia GPU, na kibali chenyewe kikakataliwa bila maelezo.

Akash haikuomba barua wala kibali. Unaandika faili fupi la maelezo: nataka GPU ya aina fulani, kumbukumbu na diski kiasi fulani, na bei ambayo sitaivuka ni hii. Ombi linaingia kwenye blokucheni, yaani daftari la kidijitali linalotunzwa na kompyuta nyingi kwa pamoja, na wenye mashine popote walipo wanashindana kwa kushusha bei. Ni mnada wa kinyume: anayeuza ndiye anayehangaika kukupata. Ukichagua zabuni, mkataba unaandikwa kwenye blokucheni na pesa yako inawekwa amana, ikikatwa kidogo kidogo kila bloku inapopita, yaani kila baada ya sekunde sita hivi. Ukifunga kazi mapema, salio linarudi kwenye pochi yako ya kidijitali. Kadi kama RTX 4090, yenye GB 24, mara nyingi inapatikana chini ya dola 1 kwa saa.

Jambo moja watu wengi wanalielewa vibaya. Hesabu za akili mnemba hazifanyiki ndani ya blokucheni. Blokucheni inatunza ombi, zabuni, mkataba na malipo tu. Kazi yenyewe inafanyika kwenye mashine ya mtu mmoja, ndani ya kontena (kifurushi cha programu kinachojitegemea), kama ambavyo ingefanyika kwenye seva yoyote. Mradi mwingine, Golem, ulianza na wazo la kukodishana nguvu za kompyuta kwa njia hii tangu 2016, na mwingine, Render, ukalipeleka kwa wachoraji wa picha za 3D. Kilichoongeza mashine ni pamoja na blokucheni ya Ethereum kuachana na uchimbaji, yaani kuthibitisha miamala kwa nguvu za GPU, tarehe 15 Septemba 2022: kadi nyingi zilikosa kazi usiku mmoja, na baadhi ya wenye nazo wakaanza kutafuta wateja wa akili mnemba.

Kwa hiyo usitarajie kufunza modeli kubwa mno kwa kuunganisha kadi za watu walio mabara tofauti. Kwenye vituo vikubwa GPU zinaongea zenyewe kwa zenyewe kwa kasi ya mamia ya gigabaiti kwa sekunde. Intaneti ya kawaida haikaribii hapo. Kazi inayoenea ndani ya kadi moja, au ndani ya mashine moja yenye kadi kadhaa, ndiyo inayofaa. Yetu ilienea.

Kilichotusumbua zaidi ni bando. Rekodi zetu zilikuwa za ubora wa juu, chaneli mbili, mafaili mazito, na kuyapandisha kutoka Tanga hadi mashine iliyo Ulaya au Marekani kungetumaliza. Bahati nzuri Whisper haihitaji ubora huo: kila sauti inaishusha hadi hezi 16,000, chaneli moja, na kuisikiliza kwa vipande vya sekunde 30. Basi tukaishusha wenyewe hapahapa ofisini kabla ya kupandisha, tukaibana kwa FLAC, njia ya kupunguza ukubwa wa faili la sauti ambayo haipotezi chochote. Mzigo ukapungua mno. Anayeanza aanzie hapo kabla hata ya kufungua pochi.

Mara ya kwanza modeli ilituvunja moyo. Mzee anasema bamvua, yenyewe inaandika "na mvua", na habari nzima ya maji makubwa inageuka kuwa habari ya hali ya hewa. Jarife, wavu wa kuvulia, likawa Sharifu. Kuelekea Pangani, ambako Kimtang'ata, lahaja ya Kiswahili ya pwani hii, kinasikika zaidi, hali ilikuwa mbaya kuliko hapo. Tukasahihisha sehemu ya rekodi kwa mkono, kisha tukainoa modeli kwa masahihisho hayo kwenye kadi ya kukodi. Katikati ya kunoa, usiku, mwenye mashine mmoja akaizima. Mkataba ukifa, diski ya kontena inakwenda nayo. Sisi tulikuwa tumepanga kila hatua ihifadhiwe nje ya mashine ile, kwa hiyo asubuhi tulichukua zabuni nyingine na kuendelea pale tulipoishia. Asiyepanga hivyo atalia. Modeli iliyonolewa sasa inaandika bamvua na jarife sawasawa, na kijana anayenisaidia anapitia tu majina ya watu na ya miamba.

Malipo nayo yana mambo yake. Tulilipa kwa USDC, sarafu ya kidijitali ambayo thamani yake imefungwa na dola, kwa sababu AKT, tokeni ya Akash yenyewe, inapanda na kushuka na bajeti ya mradi haiwezi kuyumba nayo. Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza Novemba 2019 kwamba sarafu hizi si fedha halali nchini, na Sheria ya Fedha ya 2024 ikaweka kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye malipo ya kuhamisha mali za kidijitali. Mhasibu wenu ahusishwe mapema.

Lakini swali zito kuliko yote lilitoka Kigombe. Tulimweleza mzee mmoja kazi itakavyofanyika, akasikiliza hadi mwisho, kisha akauliza: "Sasa wanangu, hiyo sauti yangu mwaipeleka kwa nani?" Hatukuwa na jina la kumpa. Kwenye soko hili unaona eneo la mashine na sifa zake, na baadhi ya wenye mashine wamekaguliwa, ila mwenye kompyuta ana uwezo wa kuona kinachopita ndani yake. Sheria yetu ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, ina masharti kuhusu kupeleka taarifa za watu nje ya nchi, na hata isingekuwepo, mzee ana haki ya kujibiwa.

Tukagawa kazi mafungu mawili. Rekodi za waliokubali baada ya kuelezwa wazi zinakwenda kwenye GPU za kukodi. Za waliokataa, au zenye majina ya watu na ugomvi wa mipaka ya uvuvi, zinanukuliwa hapa ofisini na Whisper ndogo, polepole, na makosa yake tunayasahihisha wenyewe.

Kwa bei na kwa kutobaguliwa na mtu anayeomba kadi ya benki, naipa Akash alama za juu kabisa. Kwa huduma inayotakiwa iwe hewani saa zote bila kukatika, au kwa faili za hospitali, siishauri kwenye mashine ya mtu usiyemjua. Kadi za H100, aina ya GPU za vituo vikubwa, zina uwezo wa kuchakata data huku ikiwa imefungwa hata kwa mwenye mashine. Zikipatikana kwenye soko hili zikiwa zimewashwa uwezo huo, na kwa bei tunayoimudu, fungu la pili nalo tutalifikiria upya, baada ya kurudi Kigombe kuomba idhini mpya.