Programu ya ramani isiyohitaji mtandao: nimeikagulia njia ya kambi ya magari saba

Nianze na korongo, maana ndilo lililonifanya niandike. Kwenye ramani palikuwa na mstari wa nukta nukta, umenyooka vizuri, unashuka bondeni hadi kijitoni. Ardhini palikuwa na ufa wa kina cha kiuno, umeikata njia kutoka ukingo hadi ukingo. Shemeji alishuka, akasimama ndani yake, akaniuliza: "Na hili limo kwenye simu yako?" Halikuwemo. Tukarudi kilomita nne, tukazungukia mgongo wa kilima.

Tulikuwa gari moja, watu wawili, wiki mbili kabla ya kundi zima kwenda kupiga kambi. Mimi nikikagua njia sijiulizi kama gari langu litapita. Langu lina uvungu wa juu na gia nzito, litapita. Namfikiria wa saba, mwenye uvungu mfupi kuliko wote, gari limejaa watoto na mahema, na dereva mwenyewe hajawahi kuvuka maji. Programu hii nimeipima kwa jicho hilo. Jina lake naliacha, kwa kuwa nitakayoyasema yanazihusu nyingi za aina yake: barabara zake zinatoka OpenStreetMap, ramani iliyoanzishwa 2004 ambayo mtu yeyote anaweza kuihariri.

Hapo ndipo penye neema na balaa. Mle kuna vijia ambavyo ramani za kawaida za simu hazina habari navyo. Lakini aliyekichora kijia huenda alipita kwa miguu, au hakufika kabisa, alifuatisha picha ya setilaiti tu. Programu huonyesha pia daraja la njia, 1 hadi 5, na kwa muda mrefu nilidhani 5 ndiyo njia ya hatari. Sivyo. Daraja hilo linaeleza ardhi imeshikamana kiasi gani: 1 ni lami au kokoto iliyoshindiliwa, 5 ni udongo laini na majani. Halisemi lolote juu ya mteremko, mawe wala upana. Tulikuta kona moja kwenye njia ya daraja la 2, gari likaikata kwa kurudi nyuma mara tatu. Mwenye tela asahau.

Mistari ya mwinuko nayo inahitaji akili. Programu nyingi hutumia vipimo vilivyochukuliwa na chombo cha anga cha Endeavour mwezi Februari 2000, na kipimo kimoja na kingine vimeachana kama mita 30. Korongo letu halifiki mita mbili kwa upana. Linalala katikati ya vipimo viwili bila kuonekana, tena linaelekea kuchimbwa na mvua za juzi tu. Kwa hiyo mistari hiyo naiulizia mambo mawili: mwinuko mrefu uko wapi, na tambarare ya kutosha magari saba iko wapi. Ilinipa sehemu tatu za kulala. Ya kwanza ipo ndani ya mkondo mkavu wa maji, ya pili chini ya matawi makavu. Ya tatu nimeipenda, hatua kama mia kutoka kijitoni.

Makadirio ya muda yapuuze. Ilisema kilomita 38 kwa saa moja na dakika kumi. Tulitumia saa nne na nusu, na hapo hatukuwa na wa kumsubiri.

Kinachonizuia kuifuta ni kurekodi. Unabonyeza mara moja, inaweka alama na picha pale uliposimama, hata pasipo mtandao, kwani GPS ya simu hupokea mawimbi ya setilaiti tu, haitumi kitu. Niliweka simu kwenye hali ya ndege, na chaji ikanifikisha jioni bila wasiwasi. Niliacha alama 23. Nyingi si za hatari, ni za mahali pa kugeuzia, yaani pale wa saba anapoweza kugeuka bila wote sita kurudi kinyumenyume. Kivukoni nilivua viatu nikapita na fimbo: maji ya magoti, chini changarawe, tokea kulia kwa sababu kushoto ni tope. Nikayaandika yote kwenye alama. Nyingine niliiweka kabla mchanga haujaanza, ili watu wapunguze upepo wa matairi mapema, si baada ya wa kwanza kunasa.

Kero ni kugawana na wenzako. Sehemu ya kuhamishia faili imefichwa ndani ya menyu ya tatu. Nikatuma faili la GPX. Watatu wakafungua wakaona mstari umelala kwenye ukurasa mtupu. Faili lile hubeba mstari na alama, halibebi ramani, na picha zangu zote zilibaki kwangu. Kila mmoja ilibidi apakue ramani mwenyewe, na haikatwi kipande: unachukua mkoa mzima au unaacha.

Nyota tatu kati ya tano. Usiku uleule niliingia OpenStreetMap nikalitia korongo kwenye ramani. Shemeji kila siku ananiuliza kama limeshatokea kwenye programu. Bado tunasubiri sasisho.