Kanuni au kadi: njia mbili za kuanza somo la takwimu chuoni

Mwalimu wa kozi ya kwanza ya takwimu, anapofika kwenye upimaji wa nadharia tete, yaani kupima kama matokeo yanaweza kuelezwa kwa bahati tu, ana njia mbili mbele yake. Ya kwanza ni ya kanuni na majedwali: mwanafunzi hupewa mgawanyo wa t (mgawanyo wa uwezekano unaotumika kupima wastani wa sampuli ndogo), uliotokana na makala ya mwanatakwimu William Gosset ya mwaka 1908, hukokotoa wastani na mkengeuko sanifu (kipimo cha jinsi data zilivyotawanyika), kisha husoma jedwali. Njia hii ni ya haraka na humwandaa kwa kozi zinazofuata, ila nimeona mara nyingi wanafunzi wakipata jibu sahihi wasiloweza kulieleza maana yake.

Ya pili huanza na bahati yenyewe. Chukua jaribio maarufu la mwanatakwimu Ronald Fisher: vikombe 8 vya chai, 4 vikiwa vimetangulizwa maziwa na 4 vimetangulizwa chai, na mwonjaji anatakiwa kuvitambua hivyo 4. Darasani vikombe huwa kadi 8, 4 kati yake zikiwa na alama, ambazo wanafunzi huzichanganya na kuchagua 4 bila kutazama, tena na tena, wakihesabu ni mara ngapi wamepatia zote. Kwa kuwa ziko namna 70 za kuchagua, uwezekano wa kupatia kwa kubahatisha tu ni 1 kati ya 70, yaani takriban asilimia 1.4, hapo thamani ya p, yaani uwezekano wa kupata matokeo kama hayo au makubwa zaidi kwa bahati tu, huwa kitu walichokishika mkononi.

Kadi hula muda, na darasa la watu 200 huhitaji kompyuta. Hata hivyo, mimi ningeanza nazo wiki mbili nzima, ndipo nilete jedwali la t.