X-Plane 12 na usukani wa mtumba: nilivyojiandaa kwa mtihani wa kuruka kwa ala

Nina leseni ya rubani binafsi, naishi Moshi, na mtihani wa vitendo wa kuruka kwa ala, yaani kwa kusoma vipimo vya ndege bila kutazama nje, nimeufaulu mwezi uliopita. Kwa miezi minne kabla yake, karibu kila usiku nilikuwa mbele ya X-Plane 12, programu ya kompyuta inayoiga kurusha ndege. Saa moja ya Cessna, ndege ndogo ya mafunzo, ni pesa nyingi, na iliniuma kuiteketeza kwa mambo ambayo kichwa kingeweza kuyazoea nyumbani. Usukani niliuchukua wa mtumba Arusha. Pedali za miguu, zinazoendesha usukani wa mkia, niliziacha.

Kilichonilipa zaidi ni holdi, yaani kuzunguka angani mahali pamoja ukisubiri zamu. Ukiisoma ni jambo dogo: unageukia kulia, na kipande cha kurudi kwenye VOR (kituo cha redio cha kuongozea ndege) kichukue dakika moja ukiwa futi 14,000 au chini yake. Weka upepo wa noti 20 (maili 20 za baharini kwa saa) wa ubavuni uone! Nilikuwa nazunguka mara kumi mfululizo, kisha nafungua ramani ya programu kutazama njia niliyopita. Wiki za mwanzo ilijikunja ovyo. Nilipojifunza kuelekeza pua kwenye upepo na kurekebisha muda wa kipande cha kutoka, ikaanza kunyooka.

Halafu kuna kuharibu ala kwa makusudi. Nilimwomba mdogo wangu aizime pampu ya vakyumu, inayoendesha ala ya mkao, wakati wowote bila kuniambia. Ala hiyo, inayoonyesha kama ndege imelala au iko sawa, haifi ghafla, inalala taratibu, na ukiiamini unalala nayo. Mara ya kwanza niliifuata hadi ardhini. Baada ya hapo macho yakajifunza kuuliza ala ya mgeuko, ambayo kwenye ndege yetu inatumia umeme, na dira ya sumaku. Siku ya mtihani, mtahini alipofunika ala mbili kwa karatasi, mapigo ya moyo hayakupanda.

ILS (mfumo wa redio wa kuongoza ndege kutua) ya KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, nimeishuka kwenye skrini mara nyingi mno. Kwa mshuko wa nyuzi 3, zidisha mwendo wa ardhini kwa tano: noti 90 zinakupa futi 450 kwa dakika. Hesabu hiyo sasa inakuja yenyewe kabla sijaitafuta.

Sasa kasoro. Saa za nyumbani haziingii kwenye logibuku, daftari la saa za rubani. Zinazohesabika ni za kifaa kilichoidhinishwa na mamlaka, tena ukiwa na mwalimu. Kitufe cha kusimamisha programu ni hatari: nilizoea kukibonyeza nikichanganyikiwa, na angani nikajikuta nimenyamaza mnara ukiniita. Kizuieni tangu siku ya kwanza.

Na kiti cha nyumbani hakitembei. Asubuhi moja ya Julai, wingu limelala juu ya Moshi, mwalimu alinipeleka ndani yake. Nilipotoka kwenye mgeuko mrefu, sikio liliapa kwamba ndege inalalia upande wa pili, ilhali ala zote zilionyesha iko sawa. Nilitokwa jasho. Hilo skrini haijawahi kunionyesha, na sidhani kama itaweza.

Pedali nazo nilikosea. Mwalimu alinionyesha kimpira cha ala ya mgeuko, kinachoonyesha kama ndege inateleza kando, kimekimbilia pembeni kila nilipogeuka, kwa kuwa miguu ilikaa miezi minne bila kazi. Nimeagiza seti wiki hii.