Seti ya treni tatu za mapambo: nenda dukani na rula

Seti hii ni ya modeli za maonyesho, zisizotembea, kila moja juu ya kibao chake, na inauzwa kwenye maduka ya zawadi upande wa Mnara wa Saa, Arusha. Ndani kuna Flying Scotsman ya Uingereza, Fliegender Hamburger ya Ujerumani na Garratt, injini ya mvuke ya daraja la 59 ya reli ya Afrika Mashariki. Boksi linasema zote ni skeli ya 1:160. Si kweli.

Kupima ni rahisi: chukua urefu wa treni halisi kwa milimita, gawanya kwa 160. Hamburger ya mwaka 1933 ilikuwa na mabehewa mawili, jumla karibu mita 41.9, hivyo modeli iwe milimita 262. Imefika. Bogi, yaani fremu za magurudumu zilizo chini ya mabehewa, nazo ni tatu, ya katikati ikibeba mabehewa yote mawili, kama ilivyokuwa. Hapa fundi alifanya kazi.

Garratt ndiyo itakayomvuta mnunuzi wa huku, na ndiyo iliyoborongwa. Halisi ilikuwa na mita 31.7, yaani milimita 198. Hii ina 165, imebanwa ili ienee kwenye boksi. Halafu magurudumu yameachana milimita 9, upana wa reli za Ulaya. Reli yetu yenye upana wa mita moja ingetaka 6.25, kwa hiyo mwili umesinyaa na miguu imetanuka. Nyuma wamerundika makaa ya mawe, ilhali daraja la 59 lilichoma mafuta. Rangi ya damu ya mzee wameipatia, na namba 5918 kweli ni Mount Gelai, jina la mlima wa Longido. Injini yenyewe imehifadhiwa makumbusho ya reli Nairobi. Muuzaji akidai ilikuwa ikivuta abiria wa Tanga hadi Arusha, mwache aendelee: kazi yake kubwa ilikuwa Mombasa–Nairobi.

Scotsman ni nzuri kwa mbali. Kibao kinataja 1934, mwaka ilipofikisha maili 100 kwa saa, lakini kando ya dohani kuna bati za kupeperusha moshi zilizofungwa 1961.

Kabla ya kulipa, geuza kila modeli uangalie chasisi. Ni aloi ya zinki. Ikichanganyika na madini ya risasi huvimba na kupasuka taratibu, na haina dawa. Ukiona nyufa kama nywele au paa lililopinda, rudisha. Vishikio vidogo hung'oka safarini: vibandike kwa gundi nyeupe ya mbao, kwani mvuke wa supa gluu huacha ukungu mweupe kwenye madirisha. Vumbi litoe kwa brashi laini ya rangi, spiriti hufuta maandishi.

Kwa bei ya seti nzima, hapana. Wakikubali kuivunja, chukua Hamburger peke yake.