Pampu ya mkono au bomba la nyumbani katika vijiji vya India

Mjadala huu haukomi vijijini India: je, familia itegemee pampu ya mkono iliyo njiani au bomba la uani la mradi wa maji wa serikali uitwao Jal Jeevan, ulioanzishwa mwaka 2019 kwa lengo la kumpatia kila mtu lita 55 kwa siku?

Kwa gharama, pampu ya mkono aina ya India Mark II, iliyobuniwa miaka ya 1970, ina nafuu kubwa, kwani haihitaji umeme, tangi wala ada ya mwezi.

Kwa uhakika, ardhi ndiyo huamua. Pampu hiyo huvuta maji kutoka kina cha mita 50 hivi. Visima vya umwagiliaji vikishusha maji chini zaidi, pampu hubaki chuma kitupu. Bomba nalo hukauka umeme unapokatika. Lakini penye sumu ya arseniki katika maji ya ardhini, kama sehemu za jimbo la West Bengal, au floridi iliyozidi, kama jimbo la Rajasthan, naliona bomba la maji yaliyosafishwa kuwa suala la uhai, na tena huwaondolea wanawake mzigo wa ndoo ambao umevumiliwa kupita kiasi.

Katika matengenezo, kung'oa mabomba ya Mark II yaliyo kisimani huhitaji mafundi na vifaa vizito, ila kazi hiyo huisha. Mtandao wa mabomba hudai mwendeshaji na baraza la kijiji linalokusanya ada bila kulegea.

Kijiji chenye nyumba zilizotawanyika na maji safi ya karibu kitafaidika zaidi na pampu. Chenye maji machafu ya ardhini kichague bomba, kikitunza pampu za kufulia.