Mikanda ya kufunga tumbo baada ya kujifungua, soko la Mbuyuni, Moshi

Kwa mama aliyejifungua kwa upasuaji, mkanda wa ndoano uache: ukingo wake wa chini hukaa juu ya mshono na kuukwaruza kila akiinama. Chukua wa lastiki wenye velkro, upana sentimita 25 hadi 30, unaofunika kidonda chote.

Pima tumbo usawa wa kitovu baada ya kujifungua. Saizi ya kabla ya mimba haifai. Funga ukiwa umelala chali, juu ya fulana ya pamba, ukianzia chini. Vidole viwili vipite kwa urahisi. Ukikaza kupita kiasi, shinikizo hushukia misuli ya nyonga, na mkojo unaweza kuponyoka ukikohoa. Kidonda kikitoa usaha, vua, nenda hospitali.

Muuzaji atakuapia kwamba mkanda unarudisha umbo la usichana. Wapi! Unapunguza maumivu ya kuinuka kitandani, basi. Mji wa mimba hurudi wenyewe kwa wiki 6 hivi, na mafuta hayayeyushwi na lastiki, hasa mtori ukiwa bado unaletwa bakuli kwa bakuli. Aliyejifungua kawaida, kanga inamtosha.

Kasoro: velkro hushika nyuzi za kanga na kuacha kunasa. Ichambue kwa mswaki mkavu, fua kwa mkono, anika kivulini.