Redio au Simu: Mtoto Ajifunze kwa Kipi Shule Zinapofungwa?

Tangu shule zilipofungwa Machi 17, 2020, kwa sababu ya korona, hadi zote zilipofunguliwa Juni 29, wazazi wengi wa Dar es Salaam walilazimika kuchagua kati ya masomo ya redioni na mazoezi yanayotumwa na walimu kwa WhatsApp.

Redio haihitaji bando, na watoto watatu wa chumba kimoja cha kupanga Manzese wanaweza kuisikiliza pamoja; lakini kipindi hakimsubiri mtoto aliyetumwa dukani, wala hakijui kama ameelewa kugawanya.

Hapo ndipo simu inapoishinda redio: mwalimu huona kosa, hulisahihisha, na mtoto hurudia. Tatizo ni kwamba simu yenyewe ni ya mama, naye huondoka nayo alfajiri kwenda Kariakoo na kurudi usiku, mtoto akiwa ameshaanza kusinzia (na bando nalo, mara nyingi, limekwisha).

Kwa maoni yangu, mtoto wa madarasa ya chini atanufaika zaidi na redio, mradi awepo mkubwa wa kumuuliza alichosikia, ilhali anayejiandaa kwa mtihani wa darasa la saba anahitaji kusahihishwa, hata ikibidi maswali yanakiliwe daftarini usiku na kujibiwa kesho yake bila simu.